Tikolo, Nsubuga na swali la kutundika gongo

SAA nane na nusu usiku wa kuamkia Alhamisi, Juni 6, 2024, wakati Bwera imelala na wachuuzi wa Mpondwe wakingoja kupambazuke wavuke na mizigo yao, timu ya Uganda ilikuwa inaingia uwanjani huko Guyana, Amerika Kusini. Miongoni mwao alikuwamo mzee mmoja. Mzee kwa hesabu ya michezo, maana umri wake ulikuwa miaka 43.

Huyo ni Frank Nsubuga, mchezaji aliyewazidi wote umri katika Kombe la Dunia la kriketi ya ova 20. Usiku ule alirusha ova zake nne, yaani mipira 24, akawaachia Papua New Guinea mikimbio minne tu na kuwatoa wapigaji wawili. Katika historia ya kombe hilo hakuna mrushaji aliyekuwa amemaliza ova nne kwa ubahili wa namna hiyo. Rekodi haikudumu, kwani Juni 17 Lockie Ferguson wa New Zealand alimaliza zake bila mkimbio hata mmoja kuandikwa dhidi yake. Lakini Papua New Guinea walikwama kwenye 77, Uganda ikafikisha 78 kwa taabu, na ukawa ushindi wetu wa kwanza katika Kombe la Dunia.

Najua ukitaja kriketi katika soko la Lhubiriha utaulizwa kwanza Arsenal inacheza na nani. Hata hivyo, wale waliorejea Kasese baada ya kuhangaika miaka mingi Nairobi wanalikumbuka jina la Steve Tikolo, na kisa chake ndicho kinachonifanya nimtazame Nsubuga kwa jicho la pili.

Wawili hao walikuwa Malaysia mwaka 1997, katika mashindano ya Kombe la ICC. Nsubuga alikuwa kijana wa miaka 16 katika kikosi cha Afrika Mashariki na Kati. Tikolo, akiichezea Kenya, alipiga mikimbio 147 kwenye fainali dhidi ya Bangladesh na bado Kenya ikafungwa kwa mpira wa mwisho. Mwaka mmoja kabla yake alikuwa amewapiga Sri Lanka 96, na mwaka 2003 akiwa nahodha aliifikisha Kenya nusu fainali ya Kombe la Dunia, ambako alifunga 56 dhidi ya India mjini Durban.

Baada ya hapo mambo yakaanza kuteremka. Migogoro ya malipo, migomo, vijana wachache. Kombe la Dunia la 2011 Kenya ilipoteza mechi zote sita, na Tikolo, akikaribia miaka 40, hakuwa yule wa zamani. Machi 20 mwaka huo mjini Kolkata aliagana na mchezo. Ilikuwa imetosha.

Haikutosha. Januari 2014 alikuwa New Zealand, miaka 42, amevaa tena jezi ya Kenya kutafuta tiketi ya Kombe la Dunia. Tiketi haikupatikana, na hadhi ya kucheza mechi rasmi za siku moja ikapotea. Mimi simlaumu Tikolo. Aibu ni ya waliokuwa na miaka kumi na zaidi ya kumwandalia mrithi, wakaishia kumgongea mlango.

Kuna tofauti ya kazi pia. Mpigaji anaishi kwa macho na miguu. Mpira wa mwendo kasi unamfikia kwa muda wa kama nusu sekunde, na jicho likichelewa kidogo hakuna ujanja wa kulisaidia. Nsubuga ni mrushaji wa mpira wa taratibu, wa kuzungusha kwa vidole. Yeye anahitaji kumsoma mpigaji na kuudondosha mpira palepale kila mara, na hayo uzee hauyanyang'anyi haraka.

Hapa mpakani jambo hili tunalifahamu. Mchukuzi aliyezoea kuvusha gunia la kahawa mgongoni haachi kazi siku moja. Kwanza anapunguza mzigo, kisha anasukuma baiskeli, mwisho unamkuta amekaa kivulini anahesabu magunia ya wenzake. Anayeumia ni yule anayelazimishwa kubeba uzito uleule kwa sababu nyumbani hakuna mwingine. Na mwanamichezo wa kwetu hana pensheni ya uwanjani. Kumwambia astaafu bila kumwambia atakula nini ni maneno matupu.

Tikolo alipata kivuli chake kwetu. Alikuwa kocha wa Uganda wakati Kampala ilipoandaa Ligi ya Dunia ya Daraja la Tatu, Mei 2017, na aliendelea kuwanoa vijana wetu kwa miaka kadhaa.

Ndiyo maana usiku ule wa Guyana ulinipa moyo kuliko matokeo yenyewe, maana siku tatu baadaye West Indies walitutoa kwa mikimbio 39. Nsubuga hakuachiwa mzigo wote. Wiketi za Papua New Guinea aligawana na wengine, akiwamo Juma Miyagi wa miaka 21, aliyechukua mbili kama yeye. Mwaka Nsubuga alipokuwa Malaysia, Miyagi alikuwa bado hajazaliwa.