Je, Wajua? Koa wa Baharini Husomwa kama Kanga

Sir Charles Eliot, kamishna wa Himaya ya Uingereza ya Afrika Mashariki hadi mwaka 1904, alikuwa pia bingwa wa koa wa baharini. Katika maandishi yake kuhusu koa wa Unguja na pwani ya Afrika Mashariki, ndiye aliyempa mmoja wao jina la kitaalamu Chromodoris africana.

Koa huyo msome kama kanga. Pindo lake ni uzi mweupe mwembamba, ukifuatiwa na utepe mpana wa rangi ya chungwa. Mji ni mweusi, umepigwa mistari myeupe toka kichwani hadi mkiani. Pembe mbili za kunusia na shungi la matamvua mgongoni navyo ni vya rangi ya chungwa. Uzuri huo lakini hauhifadhiki: ndani ya chupa ya spiriti rangi hufifia, kwa hiyo picha ya koa akiwa hai ina thamani kubwa mno.

Hata hivyo, vazi peke yake halitoshi. Mwaka 2018 Kara Layton, Terrence Gosliner na Nerida Wilson walichapisha uchunguzi wa vinasaba vya jenasi ya Chromodoris. Walikuta spishi moja ikivaa sare zaidi ya moja, na spishi mbalimbali zikivaa sare zinazokaribiana. Faida ya kufanana huko ni kubwa. Koa hawa hula sifongo, na sumu wanayoipata humo huihifadhi mwilini. Samaki akishaonja mmoja na kumtema, huwaacha na wanaofanana naye.

Kwa hiyo tazama na pasipoonekana upesi. Koa mwingine, Phyllidia varicosa, mwenye matuta ya buluu hafifu yenye vilele vya manjano, ana mstari mweusi katikati ya unyayo. Nduguye Phyllidia coelestis hana.

Linalonistaajabisha kuliko yote ni kwamba Phyllidia varicosa anaigwa na mtoto wa jongoo bahari! Jongoo aitwaye Pearsonothuria graeffei, akiwa mdogo, huwa na weupe wa kibuluu, mistari myeusi na vichuguu vya manjano, na wazamiaji wengi wamempiga picha wakidhani ni koa. Tazama chini yake: badala ya unyayo mmoja laini utaona vijiguu vingi vidogo. Akikua, vazi hilo hulivua, akabaki na madoadoa ya kahawia.