Ilian Iliev: kocha aliyehitaji muda

Usiku wa Novemba 16, 2023, Bulgaria ilikuwa ikiongoza 2-1 dhidi ya Hungaria mjini Sofia. Majukwaa yalikuwa matupu, maana mashabiki walizuiwa kuingia. Nje ya uwanja waliandamana wakimtaka Borislav Mihaylov, golikipa wa kikosi kilichoshika nafasi ya 4 katika Kombe la Dunia la 1994, aachie urais wa shirikisho la soka. Dakika ya 7 ya nyongeza beki Alex Petkov akajifunga. Sare hiyo ikaipeleka Hungaria Euro 2024, na hiyo ndiyo ilikuwa mechi ya kwanza ya Ilian Iliev kama kocha wa timu ya taifa.

Iliev alizaliwa mwaka 1968 Varna, mji wa bandari kwenye Bahari Nyeusi. Alikuwa winga wa Levski Sofia iliyotwaa ubingwa mara tatu mfululizo, 1993 hadi 1995, kisha akaenda Benfica ya Ureno. Alikuwemo pia katika kikosi cha Kombe la Dunia la 1998.

Watazamaji hupenda winga kwa chenga zake. Lakini mchezaji huyu ni tegemezi kuliko wengi uwanjani. Mpira humfikia wenzake wakishauhamisha kutoka upande wa pili kabla wapinzani hawajajipanga. Beki wa nyuma yake asipopanda kwa wakati, anabaki peke yake mbele ya wawili. Na krosi nzuri haina faida kama mshambuliaji amechelewa hatua moja. Uelewano huo huja kwa kurudia jambo lile lile mazoezini, siku baada ya siku, hadi miguu ifanye bila kuulizwa.

Ndiyo maana, kwa maoni yangu, winga huyu alipokuwa kocha aling'ara kwenye klabu, ambako kuna mazoezi ya kila siku. Mwaka 2010 aliiongoza Beroe ya Stara Zagora kuifunga Chernomorets Pomorie 1-0 katika fainali ya Kombe la Bulgaria, kombe ambalo Beroe haikuwa imewahi kulitwaa kabla ya hapo. Mwaka 2017 alirudi Cherno More, klabu ya mji wake, akadumu hapo kwa miaka katika ligi ambayo makocha hutimuliwa upesi. Msimu wa 2023/24 timu hiyo, isiyo na fedha za klabu tajiri ya Ludogorets, ilimaliza ya pili.

Timu ya taifa haimpi kocha nafasi ya kurudia mazoezi namna hiyo. Wachezaji hufika wamechoka, hufanya mazoezi siku chache, kisha hutawanyika. Zaidi ya hapo, shirikisho lilimruhusu Iliev kushika kazi zote mbili, ya klabu na ya taifa, kwa pamoja, uamuzi ambao haukuitendea haki timu yoyote. Oktoba 2024 Bulgaria ilichapwa 5-0 na Ireland Kaskazini mjini Belfast. Machi 2025 ilifungwa 2-1 nyumbani na 2-1 ugenini na Jamhuri ya Ireland, ikakosa kupanda daraja katika Ligi ya Mataifa. Septemba ikaja Hispania, 3-0, na siku tatu baadaye Georgia, 3-0 tena. Akaondoka.

Wengi wanamhukumu kwa vipigo hivyo. Mimi naona amebebeshwa lawama za shirikisho lililozembea kulea vijana tangu kizazi cha 1994, cha akina Stoichkov, kistaafu. Kocha Iliev apimwe kwa Stara Zagora na Varna, kwa sababu huko ndiko alikopewa muda wa kufundisha.