Alianza na mpira wa bei rahisi Kibera

Mkono mtupu haulambwi, walisema wahenga. Vijana wengi wa mitaa yetu, hata hapa Uthiru, wameishika methali hiyo kikamilifu. Ukiwauliza mbona hawaungani kuutengeneza mtaa, watakujibu kwamba wanangojea mfadhili.

Basi, msomaji, panda matatu Uthiru ufuate barabara ya Naivasha, upite Kawangware hadi Dagoretti Corner, kisha ushike Ngong Road kuelekea mjini. Kibera iko upande wako wa kulia. Huko, mwaka wa 2004, kijana Kennedy Odede alinunua mpira kwa senti 20 za Marekani, yaani kama shilingi 16 wakati huo.

Odede hakuwa na kitu. Alitoka nyumbani akiwa na umri wa miaka 10, akawa chokoraa, na baadaye akafanya kibarua kiwandani, saa 10 kwa siku, kwa ujira wa karibu dola moja. Lakini mpira ule uliwakusanya wenzake. Walicheza, halafu wakazungumzia shida za mtaa. Kundi hilo ndilo Shining Hope for Communities, au SHOFCO.

Magazeti hupenda kusimulia jinsi alivyofika Chuo Kikuu cha Wesleyan, Marekani, kwa ufadhili, akahitimu mwaka wa 2012. Mimi navutiwa zaidi na ujanja uliotumika Kibera mwaka wa 2009, yeye na Jessica Posner, Mmarekani ambaye baadaye alikuwa mkewe, walipofungua shule ya msingi ya wasichana.

Shule ya bure kwa wasichana peke yao ingeweza kuzua manung'uniko, kwani karo inapokosekana, aghalabu msichana ndiye hukatizwa masomo kwanza. Kwa hiyo huduma za mtaa mzima, kama vile zahanati, maji na vyoo, ziliunganishwa na shule hiyo. Mama aliyekuja kuteka maji na baba aliyembeba mtoto mwenye homa wakawa na sababu ya kuitakia shule heri. Wazazi nao, badala ya karo, walitoa wiki tano za kazi kila mwaka.

Baadaye mabomba ya maji yalipandishwa juu ya nguzo, maana yale ya ardhini hukatwa na wezi, na maji taka hupenya ndani.

Mwaka wa 2018 SHOFCO ilishinda Tuzo ya Hilton ya dola milioni 2, na mwaka wa 2024 jarida la Time likamtaja Odede miongoni mwa watu 100 wenye ushawishi duniani. Wafadhili sasa wapo, tena wakubwa. Hapo ndipo penye mtihani: je, wakazi wataendelea kukutana wenyewe na kuamua, ama watajifunza kungoja? SHOFCO imeunda mtandao wa vikundi vya wakazi, uitwao SUN, ili mikutano ile ya baada ya mechi isife.