Kajiado: Mwaniaji huhama na wafuasi wake

WAPIGA kura wa Kajiado hawajafunga ndoa na chama chochote. Mwaka 2017, Joseph ole Lenku wa Jubilee alimng'oa Gavana David Nkedianye wa ODM. Mwaka 2022 wawili hao walirudi debeni wakiwa wamebadilishana vyama, na Lenku akashinda tena, akimbwaga pia Katoo ole Metito wa UDA.

Kwa Wamaasai wengi, jina na ukoo wa mwaniaji hutangulia chama. Kitengela hesabu ni nyingine, kwani wengi huko ni wahamiaji waliovutwa na ploti zilizo karibu na Nairobi. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 687,312 katika kaunti nzima. Ya 2019, watu 1,117,840. Hivyo hata aliyebarikiwa na wazee wa koo hana budi kuomba kura Kitengela, tena kwa Kiswahili.