Konyeza Ufukweni: Kinachokosekana Ni Daftari

Konyeza, ambaye wengine humwita yavuyavu, hana ubongo, hana moyo, hana mfupa hata mmoja, na sehemu kubwa ya mwili wake ni maji matupu. Hamwindi mtu wala hamkusudii. Minyiri yake imejaa vifuko vidogo mno, na ndani ya kila kifuko umo uzi uliojiviringa wenye ncha kama chusa. Kifuko kikiguswa, uzi hufyatuka kwa kasi ambayo ni miongoni mwa kasi kubwa kabisa zilizowahi kupimwa kwa viumbe hai, ukapenya ngozi na kumimina sumu. Hata konyeza aliyekufa mchangani, au mnyiri uliokatika ukawa unaelea peke yake, bado huchoma. Wavuvi wanaishi naye na kumkwepa. Mambo hubadilika pwani inapogeuka mji wa hoteli, maelfu ya wageni wakaingia majini karibu uchi, katika msimu mmoja, kwenye ufukwe mmoja, bila kujua bahari hiyo imebeba nini. Hapo maumivu ya mtu mmoja mmoja huwa suala la afya ya jamii. Na katika fukwe nyingi, nashikilia, jambo la kwanza linalokosekana si dawa bali ni daftari: mahali pa kuandika nani kachomwa, wapi, lini, na konyeza wa aina gani.

Ushahidi ulio wazi zaidi unatoka Queensland, kaskazini mashariki mwa Australia. Katika miaka ya 1940, mjini Cairns, daktari Hugo Flecker alianza kukusanya taarifa za waogeleaji waliojeruhiwa na kitu kisichojulikana. Kwa kuziweka pamoja aliona kwamba hazikuwa za namna moja. Baadhi ya wagonjwa walitoka majini wakiwa na michirizi mikali kama waliopigwa kiboko, na wengine wakafa baada ya dakika chache. Kundi jingine halikuwa na alama ya maana mwilini. Lilihisi mchomo mdogo tu, kisha baada ya nusu saa hivi mgongo ukaanza kuuma vibaya, yakafuata matapishi, jasho, presha kupanda, na hofu kubwa ya kwamba kifo kimekaribia. Mwaka 1952 Flecker aliuita ugonjwa huo Irukandji, kwa jina la wenyeji wa asili wa pwani hiyo. Januari 1955 mtoto wa miaka mitano alikufa baharini huko Cardwell. Flecker akashauri bahari ya pale ikokotwe nyavu, na miongoni mwa konyeza waliopatikana alikuwamo mmoja ambaye sayansi haikuwa imempa jina. Mwanasayansi Ronald Southcott alimwita Chironex fleckeri. Ana umbo la sanduku, minyiri yake huweza kufika mita tatu, na sumu yake husimamisha moyo. Chanzo cha Irukandji kilibaki fumbo hadi mwaka 1961, daktari Jack Barnes alipomkamata konyeza mdogo, mwenye kichwa cha ukubwa wa kucha, akajichoma naye kwa makusudi, pamoja na mwanawe wa miaka tisa na mlinzi mmoja wa ufukwe. Wote watatu walilazwa hospitali. Kumtumia mtoto kwa jaribio la namna hiyo leo hakuna atakayekukubali, na ni haki kusikubaliwe. Lakini fumbo liliisha siku hiyo.

Yote yaliyofuata yalijengwa juu ya kumbukumbu hizo. Kwa kuwa tarehe ziliandikwa, ilijulikana kwamba msimu wa hatari ni takriban Novemba hadi Mei, nyavu za kuzingira sehemu za kuogelea zikawekwa kwa miezi hiyo. Kwa kuwa aina zilitofautishwa, ilijulikana pia kwamba nyavu humzuia Chironex mkubwa lakini yule mdogo wa Irukandji hupenya, kwa hiyo waogeleaji wakahimizwa kuvaa nguo nyepesi za kufunika mwili mzima. Mwaka 1970 ikapatikana dawa ya kupambana na sumu ya Chironex. Mwaka 1980 watafiti walionyesha kwamba siki ya kawaida ya jikoni huvizuia vifuko ambavyo bado havijafyatuka, na chupa za siki zikasimamishwa kwenye nguzo kando ya fukwe.

Siki hiyohiyo haifai kila mahali, na hapa ndipo hoja ya daftari inapopata uzito. Kwa konyeza wa zambarau wa Mediterania, Pelagia noctiluca, siki huweza kuvichochea vifuko badala ya kuvituliza. Ndivyo ilivyo pia kwa Rhopilema nomadica, aliyeingia bahari hiyo kupitia Mfereji wa Suez na ambaye tangu miaka ya 1980 hujaza fukwe za mashariki yake kila kiangazi. Kwa Physalia, yule mwenye kibofu cha buluu kinachoelea juu ya maji, wataalamu bado wanabishana kuhusu siki, ila jaribio lililofanywa kwa wagonjwa wa Newcastle, Australia, na kuchapishwa mwaka 2006, lilionyesha kwamba maji ya moto ya nyuzi 45 kwa dakika 20 yaliwapunguzia maumivu asilimia 87 ya waliotibiwa, ilhali barafu iliwasaidia asilimia 33 tu. Mkojo, ambao watu wengi huukimbilia, hauna ushahidi wa kusaidia. Kusugua kwa mchanga au kuosha kwa maji baridi yasiyo na chumvi huweza kufyatua vifuko vilivyosalia. Mhudumu asiyejua bahari yake ina konyeza gani anabahatisha juu ya ngozi ya mtu.

Zipo hoja za kupinga, na zinastahili jibu. Inasemwa kwamba vifo ni vichache, na kwamba watu wengi zaidi huzama majini. Ni kweli. Lakini mlinzi wa ufukwe aliyefunzwa kuusukuma moyo wa aliyezama ndiye huyohuyo atakayeuokoa moyo uliosimamishwa na sumu, na chupa ya siki haihitaji bajeti ya wizara. Inasemwa pia kwamba utafiti wa mwaka 2014 uliona siki ikikamua sumu zaidi kutoka vifuko ambavyo tayari vimefyatuka. Jaribio hilo lilifanywa maabara, si kwa wagonjwa, na Australia yenyewe haijaiacha siki kwa pwani zake za joto. Pingamizi zito kuliko yote husemwa kwa sauti ya chini: kibao cha tahadhari kitafukuza watalii. Queensland ina vibao vyenye picha ya mtu aliyenaswa na minyiri, na wageni bado wanamiminika kwenye miamba yake ya matumbawe. Visiwa vya Koh Samui na Koh Phangan nchini Thailand vilipata nguzo za siki baada ya vifo vya mwaka 2014 na 2015 kutangazwa duniani kote. Kinachoichafulia pwani jina ni mgeni kufa mahali ambapo hakuna aliyemwambia neno.

Pwani ya Afrika Mashariki haijatengwa na habari hii. Physalia hufika katika Bahari ya Hindi, na wavuvi wa Lamu, Unguja na Kilwa wanajua upepo upi huleta konyeza na upi huwaondoa. Ujuzi huo haujaandikwa mahali ambapo muuguzi wa zahanati au meneja wa hoteli ataukuta. Waulizwe, na majibu yao yaandikwe kwa tarehe na mahali. Nawe ukichomwa, toka majini polepole, usisugue. Ikiwa inajulikana kwamba konyeza wa hapo hutulizwa na siki, mimina siki kwa nusu dakika, kisha ondoa minyiri kwa kibano au kijiti. Ukisikia mgongo unakaza, pumzi inakuwa nzito au matapishi yanaanza, kimbilia hospitali usingoje kesho. Mpige picha konyeza bila kumgusa, umwonyeshe mhudumu, na kabla hujaondoka mwombe aandike.