Mita Sitini za Ziwa

Ndugu mkulima wa Nyegina, nawe unayelima po pote kando ya Ziwa Victoria, leo tuzungumze habari za ile bustani ya nyanya kule chini karibu na maji.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu, au zenye kuharibu hifadhi, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Utasema, "Jamani, maji yako pale, nikalime wapi?" Swali ni la haki. Lakini tazama: ukifyeka matete, mvua ya kwanza inachukua udongo pamoja na mbolea uliyonunua kwa fedha yako, inavimwaga ziwani. Gugumaji linashiba, nawe unabaki na changarawe. Vifaranga vya sato navyo havina tena pa kujificha.

Taabu ni kwamba wengi wetu tunaijua sheria hii kwa faini tu. Afisa akiondoka, jembe linarudi.

Wenzetu Wasukuma wa Shinyanga walikuwa na ngitili, malisho yanayofungwa masika ili yafae kiangazi. Watu walipohamishiwa vijijini miaka ya 1970, nyingi ziliachwa. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza 1986, uliifufua desturi hiyo. Wenyeji wakapanga mipaka, na dagashida, baraza lao la jadi, likaamua adhabu. Kutoka hekta 600 hivi, ngitili zikapita hekta 300,000 mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Nasi tunayo njia. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya 1982 inairuhusu halmashauri ya kijiji kutunga sheria ndogo. Wanakijiji wanaijadili mkutanoni, wilaya inaidhinisha. Haiwezi kufuta zile mita 60. Inaweza kusema ng'ombe wapite wapi kwenda kunywa, matete yakatwe lini na nani, faini iingie mfuko gani. Na akina mama wachotao maji wasemeshwe. Ukingo wanaujua kuliko sisi.

Ziwa lilipopanda mwaka 2020 liliingia mashambani, kwa hiyo mwulizeni kwanza bwana mazingira ukingo uhesabiwe kutoka wapi. Kisha chukueni kamba ya mita 10, ivuteni mara 6. Bustani ya kwanza kupimwa iwe ya mwenyekiti.