Usanifu wa programu za simu

Usanifu wa programu za simu ni kazi ya kupanga jinsi programu ya simu itakavyoonekana, itakavyofanya kazi na itakavyomhudumia mtumiaji. Kazi hiyo huenda sambamba na usanidi, yaani kuandika msimbo unaoiwezesha programu kutenda yale yaliyopangwa. Katika kampuni kubwa kazi hizo mbili hufanywa na watu tofauti. Katika timu ndogo, na kwa wengi wanaoanza, mtu mmoja hufanya zote mbili.

Programu ya simu hutumiwa kwenye skrini ndogo, mara nyingi kwa kidole gumba tu: juani, ndani ya daladala au matatu, kwa mtandao unaokatika na betri inayokaribia kuisha. Kwa sababu hiyo ubora wake hujulikana mikononi mwa mtumiaji kuliko kwenye meza ya msanifu.

## Historia

Simu ya IBM Simon, iliyouzwa Marekani kuanzia mwaka 1994, ilikuwa na skrini ya kugusa, kalenda na kitabu cha anwani. Mwaka 1997 kampuni ya Nokia ya Ufini iliweka mchezo wa nyoka katika simu yake ya Nokia 6110. Programu za namna hiyo ziliwekwa na watengenezaji wa simu wenyewe. Baadaye simu nyingi ziliweza kupokea programu ndogo zilizoandikwa kwa lugha ya Java.

Mabadiliko makubwa yalikuja pale kampuni ya Apple ilipofungua duka lake la programu, App Store, tarehe 10 Julai 2008 likiwa na programu zipatazo 500. Mwezi Oktoba mwaka huohuo Google ilifungua duka la simu za Android, ambalo tangu mwaka 2012 linaitwa Google Play. Kuanzia hapo mtu mmoja mwenye kompyuta aliweza kutengeneza programu na kuifikisha kwa watumiaji wa nchi nyingi.

Katika Afrika ya Mashariki watu wengi walizoea huduma za simu kabla ya kuwa na simu janja. M-Pesa, iliyoanzishwa na Safaricom nchini Kenya mwezi Machi 2007, ilitumia menyu iliyowekwa ndani ya laini ya simu, hivyo ilifanya kazi hata kwenye simu za kawaida zenye vitufe.

## Hatua za kazi

Kazi ya usanifu huanza kwa kulitambua tatizo. Msanifu huongea na watu watakaotumia programu, huwatazama wakifanya shughuli zao, na huandika jambo moja kuu ambalo programu italirahisisha.

Hatua ya pili ni kuchora. Michoro ya mwanzo hufanywa kwa kalamu na karatasi, kila karatasi ikiwa skrini moja. Faida yake ni kwamba mchoro mbaya hutupwa bila hasara, wakati msimbo uliokwisha kuandikwa ni vigumu kuuacha.

Hatua ya tatu ni kutengeneza mfano wa kujaribia. Huu unaonekana kama programu kamili na vitufe vyake hufungua skrini nyingine, lakini ndani yake bado hamna kitu. Mtumiaji hupewa kazi ya kufanya, kwa mfano kununua tiketi, naye msanifu hukaa kimya na kutazama anapokwama. Mtafiti Jakob Nielsen alieleza mwaka 2000 kwamba watu watano wanatosha kufichua takriban 85% ya matatizo ya matumizi, na kwamba ni afadhali kurudia majaribio madogo mara kadhaa kuliko kufanya jaribio moja kubwa.

Baada ya hapo huja uandishi wa msimbo. Programu za Android huandikwa zaidi kwa Kotlin au Java, na za iPhone kwa Swift. Kuna pia zana kama Flutter na React Native zinazowezesha msimbo mmoja kutumika katika aina zote mbili za simu. Programu ikishatoka, kazi haiishi: hitilafu husahihishwa na matoleo mapya hutolewa kadiri mifumo ya simu inavyobadilika.

## Mifano ya mabadiliko kutokana na watumiaji

Wazo la kwanza la msanifu mara nyingi si lile linalobaki. M-Pesa ilianza kujaribiwa mwaka 2005 kama njia ya kuwasaidia wakopaji wadogo kurudisha mikopo yao. Wakati wa jaribio ilionekana kwamba watu waliitumia pia kutumiana fedha wao kwa wao. Huduma ilipozinduliwa kwa umma, sehemu ya mikopo iliachwa na kutuma fedha kukawa ndilo jambo kuu.

Instagram ina historia inayofanana. Kevin Systrom, Mmarekani aliyekuwa na umri wa miaka ishirini na kitu, alitengeneza programu iitwayo Burbn ambayo watu waliitumia kutangaza mahali walipo, kupanga mikutano na kuweka picha. Yeye na mwenzake Mike Krieger, mzaliwa wa Brazil, waliona kwamba watumiaji walipenda zaidi sehemu ya picha. Wakaondoa karibu mengine yote na kuitoa programu kwa jina jipya tarehe 6 Oktoba 2010. Mwezi Aprili 2012 kampuni ya Facebook ilitangaza kuinunua kwa takriban dola bilioni 1.

Katika visa vyote viwili uamuzi mgumu ulikuwa kuondoa kitu kilichokwisha kugharimu kazi. Kwa msanifu anayeanza jambo hili ni gumu zaidi, kwa kuwa hupenda kuonyesha yote anayoweza kufanya.

## Kanuni za msingi

* Ukubwa wa vitufe. Apple inapendekeza eneo la kugusa lisiwe chini ya pointi 44 kila upande, na Google inapendekeza vipimo 48 vya Android, sawa na takriban milimita 9. Kitufe kidogo kuliko hapo humfanya mtu abonyeze kingine.
* Kusomeka. Miongozo ya kimataifa ya ufikivu inataka tofauti ya mwangaza kati ya maandishi ya kawaida na mandhari yake iwe angalau 4.5 kwa 1. Maandishi ya kijivu juu ya nyeupe hupendeza ofisini, lakini hupotea juani.
* Watu wenye ulemavu. Kila picha na kitufe kinapaswa kuwa na maelezo, ili visoma skrini kama TalkBack na VoiceOver viweze kumsomea mtumiaji asiyeona.
* Mtandao na bando. Programu inapaswa kuhifadhi kazi ya mtumiaji mtandao unapokatika na kuituma unaporudi. Picha nzito humaliza bando la mtumiaji, naye huiondoa programu.
* Makosa yasiyorudishika. Kabla ya kutuma fedha au kufuta kitu, mtumiaji aonyeshwe anachokifanya. Kuonyesha jina la mpokeaji kabla ya kuthibitisha malipo hupunguza fedha zinazokwenda kwa namba isiyo sahihi.
* Faragha. Programu iombe taarifa inazozihitaji tu. Kenya na Uganda zilitunga sheria za kulinda taarifa binafsi mwaka 2019, na Tanzania mwaka 2022.

## Kiswahili katika programu

Programu nyingi husanifiwa kwanza kwa Kiingereza na kutafsiriwa baadaye. Njia hiyo huleta matatizo yasiyoonekana kwa msanifu asiyejua Kiswahili.

Tatizo la kwanza ni ngeli. Programu nyingi huunda sentensi kwa kuchomeka neno katika nafasi iliyoachwa wazi. Kwa Kiswahili kitenzi hufuata nomino: "picha 3 zimefutwa", "vitabu 3 vimefutwa", "ujumbe 1 umefutwa". Sentensi moja haiwezi kutumika kwa maneno yote, hivyo kila moja inabidi iandikwe peke yake.

Tatizo la pili ni saa. Kwa hesabu ya Kiswahili saa 1 asubuhi ni 07:00. Programu ya kukumbusha dawa ikiandika "saa 2:00" peke yake, mtu mmoja ataelewa asubuhi, saa 2 ya Kiswahili, na mwingine ataelewa saa 8 mchana. Kosa la saa 6 katika kumeza dawa si dogo. Njia salama ni kutaja wakati wa siku na kuonyesha pia saa kwa mfumo wa saa 24: "saa 2 asubuhi (08:00)".

Tatizo la tatu ni urefu wa maneno. Kitufe kilichopimwa kwa neno fupi la Kiingereza hukata maneno kama "Badilisha neno la siri". Vilevile fomu inayolazimisha jina la ukoo huwasumbua watu wanaotumia jina lao pamoja na la baba na la babu.

## Kuanza kazi

Msanifu anayeanza si lazima awe na vifaa vya gharama kubwa, ila anahitaji simu halisi ya kujaribia. Programu inayokwenda vizuri kwenye kompyuta au kwenye simu mpya yaweza kuganda kwenye simu ya bei nafuu yenye kumbukumbu ndogo, ambayo ndiyo aliyonayo mtumiaji.

Kuchapisha programu kuna gharama na masharti. Akaunti ya Google Play hulipiwa dola 25 mara moja, na ya Apple dola 99 kila mwaka. Kwa akaunti za watu binafsi zilizofunguliwa baada ya tarehe 13 Novemba 2023, Google hutaka programu ijaribiwe kwanza na kikundi cha watu kwa siku 14 mfululizo. Mwanzoni walitakiwa watu 20, na tangu Desemba 2024 wanatakiwa 12.

Waajiri hutazama zaidi kazi alizokwisha kuzifanya mwombaji. Programu moja ndogo inayotumika kweli, kama ile ya kuandika michango ya kikundi cha kuweka akiba, huonyesha mengi kuliko michoro mingi ya programu zisizowahi kutumiwa, hasa ikiambatana na maelezo ya nini kilibadilishwa baada ya watu kuijaribu, na kwa nini.